Tezi dume: kwa nini wanaume wa Tabora na Kigoma tunasubiri mpaka kiuno kiume ndipo tupime?

#1 Mnyanyembe (Tabora)
Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja, wanaojua zaidi wanikosoe. Mabango mengi ya tezi dume yanaorodhesha dalili: mkojo unakatikakatika, unaamka usiku mara nne, unajikamua ndipo utoke. Mwanaume anasoma, anajikagua kichwani, anaona hana hata moja, anaendelea na shamba lake.

Hizo si dalili za saratani changa. Karibu saratani saba kati ya kumi za tezi dume huanzia ukanda wa nje, upande wa nyuma unaogusana na njia ya haja kubwa. Mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi. Uvimbe ulio pembeni hauubani mrija mpaka uwe umekua sana, na pengine umeshatoka nje ya tezi. Kinachobana mapema ni tezi kutanuka kwa umri, na kule kutanuka si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Kwa hiyo anayesubiri dalili anasubiri ugonjwa mwingine. Saratani yenyewe inaweza kukaa kimya miaka, ikaja kujitangaza kwa maumivu ya kiuno, nyonga au mbavu, maana inapenda kuhamia kwenye mifupa.

Nasema mwanaume akifika miaka 50 apime PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, na baada ya hapo arudie kila baada ya muda. Kama baba au kaka wa tumbo moja aliugua, aanze 45. Kwa nini huku kwetu hatufanyi hivyo?

#2 MwishoWaReli (Kigoma)
Jibu ni fupi mkuu: kidole. Ukimwambia mtu wa Ujiji au Mwanga "kapime tezi dume", akili yake inakimbilia huko huko. Hata hasikii ulichosema baadaye.

#3 NesiWaZamu
MwishoWaReli kaka yangu, hicho kidole mnakiogopa kabla ya zamu yake. Kipimo cha kwanza ni damu ya mkononi. Mtu anaweza kupima PSA, ikawa chini, akarudi kwake bila kuvua hata mkanda. Kidole peke yake ni kipimo dhaifu cha kutafuta saratani changa, kwa sababu kinafika upande wa nyuma tu na kinahitaji uvimbe uwe umeshakuwa wa kuguswa.

Kikihitajika, hufanyika hivi. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani. Anayekupima anavaa glavu, anapaka jeli ya kutosha, anakwambia uvute pumzi na uisukume taratibu kama unayekwenda haja. Misuli ikilegea, kidole kinaingia. Haifiki dakika moja. Anatafuta ukubwa, kama pande mbili zinalingana, kama mfereji wa katikati upo, na ugumu. Kunja ngumi, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: hivyo ndivyo tezi nzuri inavyogusika. Sasa bonyeza kifundo cha kidole. Ukikuta sehemu yenye ugumu wa namna hiyo, mgonjwa huyo haendi nyumbani kusubiri, hata PSA yake ikiwa ndogo.

Jambo moja kwa wahudumu wenzangu: damu itolewe kwanza, kidole baadaye. Kidole hakipandishi PSA sana, lakini hakuna sababu ya kuacha shaka kwenye karatasi.

#4 Darubini
Nesi umemaliza upande wako, niseme wa maabara, maana majibu mengi yanaharibika kabla sindano haijaingia.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yoyote, nzima au mgonjwa. Kazi yake ni kulainisha shahawa. Kidogo huvuja kwenye damu, na hicho ndicho tunachopima kwa nanogramu kwa mililita. Kwa hiyo chochote kinachoitikisa tezi huongeza uvujaji huo. Tendo la ndoa: kaa saa 48 kabla ya kupima. UTI au maambukizi ya tezi yenyewe: tibu kwanza, subiri wiki sita. Aliyewekewa mpira wa mkojo kwa kuziba: wiki sita pia. Huyu wa mpira ndiye anayepimwa vibaya kuliko wote. Analetwa usiku tumbo limejaa, anawekewa mpira, asubuhi anatolewa damu ya PSA, majibu yanakuja 28, ukoo mzima unaanza kulia. PSA ikiwa kwenye damu hupungua nusu kila baada ya siku mbili hadi tatu, lakini tezi iliyoumizwa inaendelea kuvujisha. Mpe muda.

Upande wa pili kuna vinavyoishusha. Angalia boksi la dawa ya kupunguza tezi. Likiandikwa Finasteride au Dutasteride na umezitumia miezi sita au zaidi, majibu yako yazidishe kwa mbili. Karatasi ikisema 2.8, wewe una 5.6. Dawa ya kulegeza njia, ile Tamsulosin, haigusi PSA. Unene mkubwa nao huishusha kidogo, maana protini ileile inasambaa kwenye damu nyingi zaidi.

Kufunga kula hakuhitajiki. Na msikubali kile kipande cha haraka chenye mistari miwili, kama cha malaria. Vingi vinakwambia tu umepita 4, ule mpaka unaotumika sana, au hujapita. Mtu anayepima kila baada ya muda anahitaji namba, kwa sababu anachotafuta ni mwendo: 0.9, kisha 1.1, kisha 2.6. Huyo wa 2.6 hajapita 4, lakini kuna jambo. Rudia kwenye maabara ileile ikiwezekana, maana mashine tofauti zinaweza kutofautiana kwa damu hiyohiyo.

#5 MzigoWaMkaa
Tusaidiane hapa wakuu. Tabora yetu ni baiskeli. Mtu anatoka na magunia mawili ya mkaa, kilomita 40, amekalia kitandiko kigumu kinachobonyeza palepale. Huyo PSA yake itasomeka vipi?

#6 Darubini
Swali zuri. Tafiti zinapingana: nyingine zilipata PSA imepanda baada ya safari ndefu, nyingine hazikuona tofauti ya maana. Ushauri unaotolewa ni kupumzisha baiskeli siku mbili kabla ya kipimo. Ni hadhari ya bei rahisi, ichukue. Ila usiitumie kufuta majibu mabaya. Ukipata 9, kitandiko hakitoshi kuwa maelezo.

#7 TakwimuTupu
Mnakwenda mbio. Lazima msomaji aambiwe na upande wa pili wa karatasi.

Mwaka 2012 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilisema wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA. Mwaka 2018 likalegeza: kati ya miaka 55 na 69 mtu aamue mwenyewe akishaelezwa faida na madhara, kuanzia 70 wasipimwe kwa utaratibu. Hawakuwa wakatili. Utafiti mkubwa wa Ulaya, wanaume zaidi ya 160,000, uliona kwamba baada ya miaka 16 vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 20. Lakini ili kuzuia kifo kimoja ilibidi waalikwe wanaume 570, na zigunduliwe saratani 18 za ziada. Nyingi kati ya hizo zingetulia hadi mwenyewe afe kwa jambo lingine. Mtu anapasuliwa au anapigwa mionzi, anabaki anavuja mkojo, uume hausimami, kwa ugonjwa ambao usingemuua.

Na ile 4 mnayoisema si ukuta. Wenye PSA kati ya 4 na 10 wakikatwa kinyama (vipande vidogo vya tezi vya kupimwa maabara), karibu robo tu ndio wanakutwa na saratani. Na utafiti wa Marekani uliowakata vinyama hata wenye 4 kushuka chini uliikuta kwa takriban 15 katika 100.

#8 MwalimuNzega
TakwimuTupu, namba zako ni sahihi, ila umeacha nani alihesabiwa. Utafiti wa Ulaya ni wa Wazungu karibu wote. Ule mwingine wa Marekani ambao haukuona faida uliharibiwa na kitu kimoja: wengi katika kundi ambalo halikutakiwa kupimwa walikwenda kujipima wenyewe. Ukilinganisha waliopimwa na waliopimwa, tofauti utaipata wapi?

Nchini Uingereza mwanaume mmoja kati ya wanane huugua saratani hii maishani mwake. Kwa mweusi ni mmoja kati ya wanne. Marekani, weusi hufa kwa saratani hii takriban mara mbili ya weupe. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya inasema mwenye asili ya Afrika aanze 45, si 50. Kwa hiyo Mnyanyembe, rekebisha uzi wako: sisi wote ni 45, hata asiye na historia ya ukoo.

#9 Mnyanyembe
Nimekubali, Mwalimu. 45.

#10 KasuluJuu
Na sababu ya weusi kuugua zaidi ni nini? Wengine wanasema vinasaba: kuna eneo kwenye kromosomu ya 8, linaitwa 8q24, ambalo mabadiliko yake yanaongeza hatari na yanaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini kule Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi, ambako ugonjwa uko juu sana, walitumia kiuatilifu cha migomba kiitwacho klodekoni hadi 1993, na kimebaki kwenye udongo mpaka leo. Huku Urambo na Kaliua kwenye tumbaku watu wanapuliza dawa bila barakoa. Isijekuwa ndiyo hiyo?

#11 MwalimuNzega
Taratibu ndugu yangu. Klodekoni ni dawa yake, ya migomba yao. Huwezi kuichukua ukaibandika kwenye kila dawa ya tumbaku. Barakoa wavae kwa sababu nyingine nyingi. Kuhusu tumbaku yenyewe, kinachojulikana zaidi ni kwamba mvutaji akishapata saratani ya tezi dume, hatari yake ya kufa nayo ni kubwa kuliko ya asiyevuta.

#12 TakwimuTupu
Na msisahau kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni kuchelewa kupata huduma. Marekani, kwenye hospitali za maveterani ambako weusi na weupe wanapata tiba sawa, pengo la vifo linapungua sana. Vinasaba havijabadilika mlangoni pa hospitali.

#13 MamaUrambo
Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza kwa niaba ya wazee wetu. Baba mkwe wa mtu ana miaka 79, hana shida yoyote, vijana wanataka apelekwe kupimwa. Apelekwe?

#14 NesiWaZamu
Marahaba mama. Kama hana dalili, hapana. Faida ya kugundua mapema huonekana baada ya miaka kumi au zaidi, madhara ya kinyama na upasuaji yanaanza wiki hiyohiyo. Mzee wa 79 apumzike.

Ila sikilizeni kwa makini. Mzee mwenye maumivu ya kiuno yanayomwamsha usiku, ambayo hayapungui akilala, huyo si kipimo cha kinga tena, ni mgonjwa. Na kama miguu imeanza kukosa nguvu, inakufa ganzi, au mkojo na choo vimegoma ghafla, pelekeni siku hiyohiyo. Uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo. Akifika angali anatembea, kuna uwezekano mkubwa aendelee kutembea. Akifika miguu imeshalala kwa siku kadhaa, mara nyingi haiamki.

#15 DukaLaDawa_Kasulu
Naona wote mnalaumu woga na elimu. Mimi naona kosa liko kwenye kaunta zetu. Mwanaume wa miaka 60 anakuja na mkojo unaochoma, anapewa dawa ya UTI. Baada ya mwezi, nyingine. Mara ya nne bado hakuna aliyeagiza mkojo uoteshwe maabara kutafuta vijidudu, wala PSA. UTI kwa mwanaume mzee isichukuliwe kama jambo la kawaida. Ikijirudia, mara nyingi kuna kinachozuia mkojo kuisha kibofuni: tezi, jiwe, au njia iliyosinyaa kwa kisonono cha zamani.

#16 MzigoWaMkaa
Na damu kwenye mkojo je? Huku mabonde ya mpunga ya Igunga na Nzega watu wanasema "kichocho tu".

#17 Darubini
Kichocho kinathibitishwa, hakidhaniwi. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka zaidi muda huo, tuchuje na kuangalia. Yasipoonekana, au dawa imemezwa na damu inaendelea, atafutiwe sababu kwenye kibofu na tezi.

#18 NesiWaZamu
Nimesoma sababu zenu zote, kidole, elimu, kaunta. Mimi nasema ni umbali. PSA unaweza kuipata hospitali ya Kitete (Tabora) au Maweni (Kigoma), vitendanishi vikiwepo siku hiyo. Lakini PSA haitibu mtu. Ikitoka 14, safari ndiyo inaanza: kurudia, altrasaundi, kinyama, kupima kinyama, kisha mionzi, mfano Bugando ya Mwanza au Ocean Road ya Dar es Salaam. Mtu wa Kakonko akiambiwa "nenda Mwanza, urudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu", mahindi yakiwa shambani, harudi. Ukimwambia mtu apime bila kumwambia hatua ya pili iko wapi, umempa hofu tu.

#19 Kinyama_na_Kioo
Nesi amegusa penyewe, niongeze kuhusu kinyama, maana hapa ndipo watu wanapotea.

Kabla ya kukimbilia sindano, pima ukubwa wa tezi kwa altrasaundi. Urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, mara 0.52. Tezi ya 5 kwa 4.5 kwa 4 ni mililita 47 hivi. Sasa gawa PSA kwa ukubwa huo. PSA 6 kwenye tezi ya mililita 80 ni 0.075, tezi kubwa tu inavuja. PSA 6 ileile kwenye tezi ya mililita 30 ni 0.20, na ikivuka 0.15 tunashuku zaidi. Hesabu hii haihitaji mashine mpya, inahitaji aliyepima altrasaundi aandike vipimo vitatu badala ya kuandika "tezi imekua". MRI kabla ya kinyama ni bora zaidi kwa anayeifikia.

Kinyama chenyewe: vipande 10 hadi 12, kutoka sehemu tofauti, kulia na kushoto. Mgonjwa aseme kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Kupitia njia ya haja kubwa lazima apewe antibiotiki kabla, na bado wachache hupata maambukizi makali. Homa na kutetemeka ndani ya siku chache baada ya kinyama ni kurudi hospitali usiku huohuo. Kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa maambukizi ni machache. Damu kidogo kwenye mkojo na choo kwa siku kadhaa ni kawaida, kwenye shahawa inaweza kukaa wiki.

Kinachoharibika njiani: vipande vyote kutumbukizwa chupa moja bila kuandikwa upande, au kuwekwa kwenye formalini kidogo. Formalini ya asilimia 10, angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Isiwe maji ya chumvi, isiwe spiriti. Kikifika kimeoza hakuna mwanapatholojia atakayekisoma, na mgonjwa anachomwa upya.

Majibu yanakuja na alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa saratani, kwa kawaida 6 hadi 10. Sita, yaani 3+3, mara nyingi haikatwi wala kupigwa mionzi, hufuatiliwa. Hili linajibu hofu ya TakwimuTupu: kugundua si lazima kuwe kutibu. Uingereza waliwafuata wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kama 3 katika 100 kwenye kila kundi.

#20 TakwimuTupu
Mkuu, hao wa kufuatiliwa walikuwa na kliniki ya kurudi, PSA kila baada ya miezi kadhaa, kinyama cha pili ikihitajika. Na karibu wote Wazungu, kama Mwalimu alivyonikosoa mimi. Mtu wa Uvinza utamfuatilia na nini?

#21 Kinyama_na_Kioo
Na daftari lake na namba ya simu ya mwanaye. Sisemi ni rahisi.

#22 MwishoWaReli (Kigoma)
Wakuu, na hizi mbegu za maboga? Na magome ya Prunus africana yanayouzwa kwenye chupa? Pia kuna mzee hapa Mwanga anasema mawese yanatosha.

#23 DukaLaDawa_Kasulu
Magome ya Prunus africana yametumika muda mrefu kupunguza adha ya mkojo wa tezi iliyotanuka. Huko yana nafasi. Saratani hayaitibu. Ubaya wake ni kwamba mkojo ukishaanza kutoka vizuri, mtu anaona amepona, hapimi tena. Mbegu za maboga kula, ni chakula. Mawese pikia migebuka.

#24 MzigoWaMkaa
Kuna utafiti wa Harvard wa 2016 nasikia: mwanaume anayetoa shahawa mara 21 au zaidi kwa mwezi, hatari yake ilikuwa chini kwa kama asilimia 20 kuliko wa mara 4 hadi 7. Waambieni wake zetu.

#25 MamaUrambo
Shemeji, waambie mwenyewe. Na magunia ya mkaa nani atayapeleka mjini?

#26 MwalimuNzega
Utafiti upo. Ni uhusiano tu, hausemi kimoja kinasababisha kingine. Na kumbuka saa 48 za Darubini kabla ya kipimo.

#27 Mnyanyembe
Asanteni wote. Bado nashikilia ujumbe wetu ndio mbovu, Nesi anashikilia umbali, DukaLaDawa anashikilia kaunta. Kwa wanaokwenda wiki hii: ulizeni dirishani kama kipimo kinatoa namba, kama vitendanishi vipo, na kama karatasi mtapewa mwondoke nayo. Mkiipata, andikeni tarehe, maabara, na dawa mnazotumia.

#28 MwishoWaReli (Kigoma)
Swali la mwisho, mkuu. Mtu wa miaka 52, karatasi inasema 0.7. Arudi lini?

#29 Darubini
Miaka miwili.

#30 TakwimuTupu
Chini ya 1 anaweza kukaa hata minne. Na miongozo ya Ulaya inaruhusu hadi minane kwa waliopata chini ya 1 wakiwa na miaka 40.

#31 MwalimuNzega
Tumerudi kwa Wazungu tena. Miwili.